Tundu la Tano

Kutoka bombani hadi barabara ya lami
ngazi zetu ni mia na kumi na nne,
nyingine saruji, nyingine matairi, nyingine udongo mtupu
unaobadili mawazo mvua ikinyesha.
Kila asubuhi Kadutu ilishuka na mifuko mitupu,
jioni ikapanda imeelemewa,
macho chini, kana kwamba inahesabu ngazi,
isituone:
mimi na chumvi yangu na sabuni ya vipande,
Mama Nsimire na makala,
Cishugi anayeshona viatu akiwa pekupeku,
Cibalonza wa mikate, Zihalirwa fundi cherehani,
na kijana wa sambaza ambaye jina lake
tulilijua baadaye.
(Akonkwa. Nalitaja, asije akanuna.)

Siwalaumu. Kule chini, Nyawera,
kuna duka lenye mlango wa kioo
na msichana anayerudisha chenji yote.
Sisi chenji hatukuwa nayo.
Noti ya mia ilikuwa imechoka kuliko sisi,
imeungwa kwa gundi, imekatika uso,
kila mtu akimsukumia mwenzake kama mgeni mwenye upele.
Ukidai mia yako nilikupa pipi.
Nani anapika pipi?

Siku moja ya Novemba, mvua imetubana sote
chini ya bati moja la Zihalirwa,
Mama Nsimire alidaiwa mia mbili na mjane wa juu.
Akapapasa mfukoni, akapapasa kifuani, hola.
Akachota vifungo viwili kwenye kopo la fundi,
vyeusi, vya koti la mtumba
ambalo mwenyewe alikufa au alinenepa.
"Shika. Mpelekee Cibalonza, atakupa mkate mdogo."
Cibalonza alifungua mdomo kukataa.
Radi ikapiga.
Akaufunga.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuna aliyeketi akafikiri;
wakija kuuliza msiwaambie tulikuwa na akili.
Cheusi, mia. Cheupe, hamsini.
Cha makala kikanunua kiraka cha kiatu,
cha kiatu kikanunua sambaza,
cha sambaza kikanirudia kinanuka ziwa,
nikakiosha kwa sabuni yangu mwenyewe, hasara.
Nimekua nikijua kifungo ni jela
au kifungo ni cha shati.
Sasa kuna cha tatu, sijui nikiiteje:
kitu kinachomzuia mtu asiteremke.

Kisha mtoto wa Mwalimu Bisimwa
akaja na vifungo sita vya kahawia,
bado vina nyuzi.
Zihalirwa alivitazama kama daktari.
Hakupiga kelele. Alimpa nusu mkate,
akampandisha ngazi kwa ukosi wa shati,
na usiku ule, kwa mwanga wa simu,
akalirudishia koti la baba macho yake yote sita.
Kesho yake alichoma msumari kwenye makala ya Nsimire:
tangu hapo vifungo vyetu vina tundu la tano,
katikati, baya, lisilopita uzi.

Sasa niungame.
Mwezi wa pili nilishuka mimi mwenyewe.
Nyawera sukari ilikuwa nafuu kwa hamsini,
na hamsini ni hamsini.
Mlango wa kioo ulijifungua, nikauambia asante.
Nilipofika kwa msichana nikamwaga mkoba:
noti moja, na vifungo, vifungo,
vikabingirika kaunta nzima.
Hakucheka. Aliokota kimoja, akakiinua kwenye taa,
akachungulia kwa tundu la tano.
"Mama, hii ni ya wapi?"

Nilitaka kusema si ya popote.
Nikasema, "Ya kwetu. Panda. Ukishindwa kupumua, ndipo tulipo."
Nikairudisha sukari.

Kwenye ngazi ya sitini Cishugi aliinua kichwa.
"Umetoka wapi?"
"Kutembea."
Akaviangalia viatu vyangu, ambavyo havijui kudanganya,
akaonyesha soli iliyoachama.
"Vifungo vitatu."
Nikampa vinne.
Chenji hakunirudishia, nami sikudai.